Mzee Aliyeshushwa Ukutani kwa Kamba

Wanangu, sogeeni niwasimulie. Mwanzoni mwa mwaka 1401, jeshi la Timur, mtawala aliyetetemesha Asia, liliuzingira mji wa Damascus. Malango yalikuwa yamefungwa. Mzee mmoja, umri wake ukikaribia miaka 70, akashushwa ukutani kwa kamba, akaenda hadi hemani kwa Timur kuzungumza naye. Baadaye akampelekea zawadi: Msahafu, msala, nakala ya kasida na visanduku vinne vya halua ya Misri.

Mzee huyo ni Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis. Aliwatumikia wafalme wengi wa Afrika Kaskazini. Leo yuko barazani, kesho yuko gerezani. Mwaka 1375 aliipa siasa kisogo, akakaa katika ngome moja huko Algeria, akaandika Muqaddima. Alitaka kujua kwa nini tawala huinuka, kisha zikaanguka.

Jibu lake? Nguvu ya mtawala hutokana na mshikamano wa watu wake. Aliuita asabiya. Kizazi cha kwanza kimekula shida pamoja, hivyo kinapigana bega kwa bega. Cha pili kinaonja raha, ila bado kinakumbuka. Cha tatu kimezaliwa katika anasa. Hakina wa kukitetea ila askari wa kulipwa.

Hapo ndipo kodi inapoingia. Utawala mchanga hutoza kidogo, watu wanalima na kuuza kwa moyo, hazina inajaa. Anasa zikizidi ikulu, kodi hupandishwa. Mkulima akiona jasho lake lote linachukuliwa, huliweka jembe chini. Mapato yanashuka, na mfalme anapandisha kodi tena!

Mwaka 1981, Rais Ronald Reagan wa Marekani alimtaja Ibn Khaldun alipotetea sera yake ya kupunguza kodi. Lakini mzee hakuishia kwenye kodi. Alikemea pia wafalme wanaofanya biashara, maana nani atashindana sokoni na mfalme? Akasema wazi kwamba dhuluma huangamiza nchi.

Basi wanangu, mkisikia kodi mpya imetangazwa, msiulize kiasi tu. Ulizeni pia inakwenda wapi: shuleni na hospitalini, au kwenye karamu za wakubwa? Serikali inayowanyonya watu wake inabomoa nguvu zake yenyewe.