Mali ya Lugha na Daftari Lake

Wazee wetu walisema kwamba mali bila ya daftari hupotea bila ya habari. Usemi huo huwaelekea zaidi wenye maduka na wenye majahazi, lakini leo tunapenda kuutumia kwa mali isiyowekwa ghalani wala kupakiwa chomboni, nayo ni lugha. Tunauliza: mtu anaposafiri kwenda kujifunza lugha ya watu, nani huandika alichokipata, kwa kipimo gani, na maandishi hayo hukubaliwa wapi?

Swali hili haliko mbali na visiwa vyetu. Kwa miaka mingi vijana kutoka Marekani na Ulaya wamekuwa wakija Unguja kujifunza Kiswahili. Tunawaona katika vichochoro vya Mji Mkongwe wakiwa na madaftari yao, wakiwaamkia watu wazima kwa shikamoo, na baadhi yao hulala na kula katika nyumba zetu kama watoto wa nyumbani. Wengi wetu huwahesabu kuwa ni watalii waliokawia kurudi kwao. Hilo ni kosa. Kijana huyo yumo masomoni, na huko alikotoka chuo chake kinangoja kuarifiwa amesoma saa ngapi na amefika daraja gani, ili kazi yake ihesabiwe katika shahada anayoitafuta. Akirudi na karatasi isiyoeleza lolote, jasho lake limekwenda bure, na si ajabu mwaka unaofuata mwenzake akapelekwa kwengine.

Ili tuyaelewe mambo haya, yafaa tuitazame lugha iliyotangulia mbali katika njia hii, yaani Kihispania. Lugha hiyo ni ya taifa au ya serikali katika nchi 20, ikiwamo Guinea ya Ikweta hapa hapa Afrika, ambako husemwa pia katika kisiwa cha Bioko. Watu waliozaliwa nayo wanakaribia milioni 500. Wala haikuwa ngeni kabisa kwetu, kwani wapo vijana wa Zanzibar waliokwenda Cuba katika miaka ya 1960, na madaktari wa Cuba wamewatibu watu wetu kwa miaka mingi.

Desturi ya vyuo vya Marekani kupeleka wanafunzi ng'ambo na kuyahesabu masomo yao ya huko ilianza kwa Kifaransa. Mwaka 1923 Chuo Kikuu cha Delaware kiliwapeleka wanafunzi wanane Ufaransa, wakakaa huko mwaka wao wa tatu wa masomo bila ya kupoteza hata muhula mmoja. Hispania ikafuata, na mapema katika miaka ya 1930 chuo cha Smith kilikuwa na wanafunzi wake mjini Madrid. Upande wa wenyeji nao haukulala. Chuo Kikuu cha Salamanca, kilichoanzishwa mwaka 1218, kilifungua masomo ya Kihispania kwa wageni mwaka 1929, na masomo hayo yanaendelea mpaka leo. Katika mji huo mwanafunzi mgeni ni sehemu ya maisha ya kila siku. Wapo wanaomsomesha, wanaompangisha chumba, wanaompikia na wanaomuuzia vitabu.

Sasa tuingie katika kiini cha jambo. Vyuo vya Marekani hupima masomo kwa kipimo kiitwacho krediti. Kwa kawaida krediti moja ni saa moja ya darasani kila wiki kwa muda wa wiki 15, pamoja na saa mbili za kujisomea kwa kila saa ya darasani. Shahada ya kwanza huhitaji krediti zipatazo 120 katika miaka minne, na somo moja la kawaida ni krediti tatu. Tuchukue basi mfano wa kijana anayekwenda Hispania kwa wiki nne, akasoma saa nne kila siku, siku tano kwa wiki. Atakuwa amekaa darasani saa 80. Ukitazama saa za darasani peke yake, hizo ni zaidi ya krediti tano. Lakini chuo chake hakitatazama saa peke yake. Kitauliza alisoma vitabu gani, aliandika nini, alitahiniwa vipi, na nani aliyemtahini.

Hapo ndipo wengi hukwama. Wapo wanaojiandikisha katika skuli ya lugha iliyo nzuri kwa kila hali, wenye walimu hodari, na mwisho wakapewa cheti kinachosema tu kwamba fulani alihudhuria. Katika mji wa Antigua nchini Guatemala, mathalan, skuli za Kihispania ni nyingi, na desturi yake ni kila mwanafunzi kukaa na mwalimu wake peke yake kwa saa kadhaa kwa siku, kisha kurejea katika nyumba ya wenyeji wake. Hapana shaka kijana husema lugha upesi kwa njia hiyo. Hata hivyo, cheti cha kuhudhuria si hati ya matokeo. Ndiyo sababu skuli nyengine zimefunga mapatano na vyuo vikuu, ili chuo kikuu kiyakague masomo na kutoa hati yenye jina la somo, krediti na alama. Bila ya mapatano ya namna hiyo, mwanafunzi hubaki na njia ya kufanya mtihani anaporudi kwao, akitumaini kwamba chuo chake kinaukubali.

Kuna na matatizo ya alama. Hispania hutoa alama kuanzia sifuri hadi kumi, na mwenye tano amefaulu. Mwenye saba huko huhesabiwa kuwa amefanya vizuri, na tisa ni ya walio bora kabisa. Mmarekani asiyejua hayo, akiona saba katika kumi, huidhania kuwa ni asilimia 70, yaani alama ya mtu wa kadiri tu. Kijana aliyesifiwa na walimu wake Salamanca huonekana mzembe anapofika kwao, si kwa kosa lake, bali kwa sababu aliyeandika hati hakueleza kipimo.

Wahispania waliyaona hayo, wakatengeneza daftari. Mwaka 1988 serikali yao iliweka diploma za Kihispania kwa wageni, zinazojulikana kwa jina la DELE. Mwaka 1991 ikaanzishwa Taasisi ya Cervantes kusomesha lugha hiyo duniani na kusimamia mitihani yake. Wakati huo huo Ulaya nzima ilikuwa ikitafuta kipimo kimoja. Mpango wa Erasmus wa kubadilishana wanafunzi ulianza mwaka 1987, na mwaka 1989 yakaanza majaribio ya krediti za pamoja, ambapo mwaka mmoja wa masomo ni krediti 60. Mwaka 2001 Baraza la Ulaya likachapisha ngazi sita za ujuzi wa lugha, kuanzia A1 ya mwanzo hadi C2 ya juu. Leo mwalimu akiandika kwamba mwanafunzi wake amefika B2, msomaji wa hati hiyo ana pa kuanzia, awe Madrid, Mexico au Chicago.

Tukirudi nyumbani, tunaona kwamba nasi tuna kipimo, lakini hatukieleza vya kutosha kwa wenzetu. Chini ya utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa kumi za kazi ya mwanafunzi, na mwaka mmoja wa masomo ni krediti 120. Maana yake ni kwamba kazi ya mwaka mmoja huitwa 30 Marekani, 60 Ulaya na 120 kwetu. Bibi zetu walipopima nafaka walijua kwamba pishi moja ni vibaba vinne, na hakuna aliyedhulumiwa kwa kuchanganya majina hayo mawili. Katika elimu, watu huchanganya. Somo la krediti 12 kwa hesabu yetu ni sehemu moja ya kumi ya mwaka, sawa na krediti sita za Ulaya na tatu za Marekani. Hati ikiandikwa 12 bila ya maelezo, msajili wa chuo wa Marekani ama atadhani kwamba mwanafunzi alifanya kazi ya karibu muhula mzima, ama ataona kuna hadaa na kuikataa hati yote. Njia zote mbili zinatuharibia jina.

Na jina hilo tunalo. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulikubali Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu; yaani ni mwaka mmoja tu kabla ya Salamanca kufungua milango yake kwa wageni. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Zanzibar ilianzisha Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, ambayo baadaye iliunganishwa na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani. Dunia imeshakubali kwamba mali ipo. Iliyobaki ni kazi ya mwenye mali kuiandika.

Wapo watakaotujibu kwamba lugha haipimwi kama nafaka. Kwamba Kiswahili hasa kimo katika mazungumzo ya barazani, katika namna ya kumkaribisha mgeni na kumwomba radhi mkubwa, mambo ambayo hayaingii katika karatasi ya mtihani. Tunakubaliana nao. Mwanafunzi anayejua ngeli zote lakini hajui kubisha hodi bado hajajua Kiswahili. Lakini hoja hiyo inatutaka tuandike zaidi, si tuache kuandika. Ikiwa kukaa na wenyeji ni sehemu ya elimu, basi saa zake na mazoezi yake yatajwe katika muhtasari wa somo, na mwanafunzi atahiniwe kwa mazungumzo. Tukinyamaza, chuo cha ng'ambo kitahesabu saa za darasani tu, na fundisho kubwa tulilompa mgeni wetu litaandikwa sifuri.

Kwa hiyo tunapenda kuwashauri viongozi wa elimu mambo matatu. Kwanza, kila taasisi inayosomesha wageni Kiswahili iandike katika hati yake idadi ya saa za darasani na za kazi ya ziada, daraja aliloanzia na alilofikia mwanafunzi, alama yake, na maelezo mafupi ya kipimo chetu kikilinganishwa na cha Marekani na Ulaya. Kazi hiyo haihitaji mkopo wala mtaalamu kutoka nje. Yahitaji ukurasa mmoja uliofikiriwa vyema. Pili, mapatano na vyuo vya ng'ambo yafungwe kabla ya mwanafunzi kupanda ndege, na yaseme wazi ni krediti ngapi atakazopewa. Tatu, Baraza la Kiswahili la Zanzibar na lile la Taifa, pamoja na vyuo vikuu vyetu, yakae pamoja kuhakikisha kwamba mtihani wa Kiswahili unaoheshimiwa duniani unatungwa na kusimamiwa na wenye Kiswahili. Ni aibu kwa mwenye shamba kungoja jirani amwambie karafuu zake zimekauka au bado.

Tuna neno pia kwa vijana wetu wanaokwenda ng'ambo kujifunza lugha za watu, iwe ni Kihispania, Kiarabu au Kichina. Kabla ya kuondoka, kijana apeleke muhtasari wa masomo chuoni kwake na kupata jibu kwa maandishi kwamba yatahesabiwa, na kwa krediti ngapi. Ahadi ya mdomo ofisini haitoshi, kwani aliyeahidi huweza kuhamishwa. Ahakikishe kwamba harudii daraja alilokwisha kulihesabiwa, maana somo moja halilipwi mara mbili. Na anapokuwa huko ahifadhi kila karatasi: muhtasari, insha, mitihani na jina la kitabu kilichosomwa. Wazazi wanaouza shamba ili mtoto asafiri wana haki ya kuuliza maswali hayo, na mkubwa wa chuo anayeona maswali hayo ni usumbufu hajaujua wajibu wake.

Kwa wenyeji wenzetu wanaowapokea wanafunzi majumbani tunasema hivi: mama anayemsahihisha mgeni matamshi huku wakipepeta mchele ni mwalimu, ingawa hana ubao wala chaki. Anastahiki kujua mgeni wake anatakiwa afike daraja gani, na anastahiki sehemu ya haki katika malipo, kwa sababu bila ya nyumba yake somo hilo lisingekamilika.

Salamanca haikuwa tajiri wa lugha kuliko sisi. Ilichotuzidi ni kuandika mapema, na kuandika kwa namna inayosomeka mbali. Wanafunzi watakuja tena Unguja msimu ujao, wapeleke kwao Kiswahili kinywani na hati mkononi. Kiswahili cha kinywani hatuna wasiwasi nacho. Hati ndiyo inayongoja kalamu za viongozi wetu, nasi tunaamini kwamba hawatakawia kuzishika.