Mamba wa Gemu na Mamba wa Rufiji

Sehemu ya Pili

Juma lililopita tuliona jinsi wabunifu wa gemu za kuruka na kukimbia wanavyomtengeneza adui: kiumbe anayerudia tendo lile lile mpaka mchezaji amzoee. Leo nachukua adui mmoja tu, mamba, kwa kuwa kijana wa Kibiti, katika bonde la Rufiji, anayemruka kwenye simu jioni ndiye huyo huyo anayetumwa mtoni na ndoo asubuhi.

Gemu iitwayo Pitfall! ilitoka mwaka 1982. Aliibuni David Crane wa kampuni ya Activision kwa ajili ya mashine ya Atari 2600, ambayo kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ilikuwa baiti 128, yaani haitoshi hata meseji moja ya simu iliyojaa. Shujaa wake, Harry, hufika kwenye bwawa akakuta mamba watatu wamejipanga mstari mmoja. Vinywa vyao vinafumbuka na kufumba kwa mpigo usiobadilika. Wakifumba, Harry anawakanyaga vichwani, mmoja baada ya mwingine, na kuvuka. Mwaka 1994 Donkey Kong Country ikaleta mamba wanaotembea kwa miguu miwili, wengi wao kazi yao ni kwenda na kurudi. Ukimrukia wa kawaida kichwani, habari yake imekwisha.

Hapo hakuna kosa la mbunifu. Adui asiyetabirika hachezeki. Mchezaji anakufa mara kadhaa, anaijua desturi ya mamba, kisha anapita.

Bonde la Rufiji mambo yamegeuka: mamba ndiye anayejifunza, na wanaorudia tendo lile lile ni sisi. Mama anateka maji mahali pale pale, saa ile ile. Mvuvi anaegesha mtumbwi kwenye kituo kile kile alichoegeshea baba yake. Mamba huwinda kwa kuvizia, na mwili wake umeumbwa kwa kazi hiyo. Macho, masikio na pua vimekaa juu ya kichwa, hivyo anaona, anasikia na kupumua huku sehemu iliyobaki imezama. Ngozi yake, hasa ya taya, ina vinundu vidogo vinavyohisi mtikisiko wa maji. Ndoo ikichovywa gizani, yeye anapata taarifa. Kooni ana kizibo kinachomruhusu kukamata windo chini ya maji bila kuyameza. Zaidi ya yote, mwili wake hautegemei chakula kuupasha joto, kwa hiyo anaweza kukaa miezi bila mlo. Kungoja hakumgharimu kitu. Subira ya namna hiyo sisi hatuna.

Wapo wanaodhani kwamba wakishuka deltani, kwenye mikoko ya Salale au Nyamisati, maji ya chumvi yatawalinda. La. Mamba wetu ana tezi ulimini zinazotoa chumvi, na maji yaliyochanganyika ya mikondo ya delta anayamudu. Juu zaidi, kwenye maziwa ya bonde kama Uba, Ruwe na Zumbi, anapata samaki na utulivu. Mafuriko yakija, kama yale ya Aprili 2024 yaliyozikumba Rufiji na Kibiti, mpaka kati ya mto na shamba unafutika. Na maji yakipungua, watu wakiteremka kupanda mlau, yaani mazao ya baada ya mafuriko, kwenye udongo wenye unyevu, mabwawa yaliyobaki yaogopwe kama mto wenyewe.

Na mamba hana mpango wa kututesa. Simulizi za mamba wa kutumwa zipo, na sizicheki, maana zimezaliwa na misiba ya kweli. Lakini zina hasara moja: zinatufanya tumtafute mchawi kijijini wakati njia yetu ya kwenda mtoni haijabadilika.

Tufanye nini? Tuvunje desturi yetu. Badilisheni mahali pa kuteka na saa ya kuteka. Tumieni chombo chenye mpini mrefu, msiingie majini. Msisafishe samaki mahali pa kuogea. Alfajiri na usiku ukwepeni mto kabisa. Katika baadhi ya mito ya Afrika watu hujenga wigo wa vigingi imara ndani ya maji, wakateka na kufua humo. Wigo unafaa ukikaguliwa kila mara, maana kigingi kimoja kilichooza ni mlango.

Hayo yote, hata hivyo, ni ya kupunguza hatari. Kanuni za serikali zinatambua kifuta machozi kwa familia iliyopoteza mtu kwa mnyama hatari, na ni haki yao. Mimi naona fedha ya kwanza ingeenda kwenye kisima, kwa sababu mtoto mwenye maji karibu na nyumbani hana haja ya kukutana na mamba. Madiwani wa Kibiti na Rufiji, bajeti ikija mezani, anzeni kuvitaja vijiji vinavyoteka mtoni.

Toleo lijalo: kiboko, mnyama ambaye gemu nyingi humchora kama kichekesho.