MAELEZO KWA WANANCHI: KATIBA NA MIGOGORO YA MATOKEO YA UCHAGUZI

Mpiga kura wa Tanzania Bara, siku ya Uchaguzi Mkuu, hupewa karatasi tatu: ya Diwani, ya Mbunge na ya Rais. Kura hizo huhesabiwa katika kituo kimoja, na watumishi wale wale. Hata hivyo, hatima yake kisheria si moja. Kuchaguliwa kwa Diwani na kwa Mbunge kunaweza kupingwa mahakamani. Kuchaguliwa kwa Rais, mara Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza, hakuwezi. Ibara ya 41(7) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inaizuia mahakama yoyote kukuchunguza. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 nayo imeweka kizuizi cha namna hiyo kwa Rais wa Zanzibar.

Tofauti hiyo ilionekana wazi mjini Sumbawanga, makao makuu ya Mkoa wa Rukwa juu ya uwanda wa Ufipa. Katika Uchaguzi Mkuu wa mwaka 2010, Ndugu Aeshi Hilaly wa CCM alitangazwa kuwa Mbunge wa Sumbawanga Mjini. Mpinzani wake, Ndugu Norbert Yamsebo wa CHADEMA, hakuridhika, akafungua shauri. Mwaka 2012 Mahakama Kuu, ikikaa huko huko Sumbawanga, ilitengua ushindi uliotangazwa. Baadaye Mahakama ya Rufani iliipindua hukumu hiyo, na Ndugu Hilaly akaendelea na ubunge. Wapo waliofurahi mara ya kwanza na wapo waliofurahi mara ya pili. Lakini mara zote mbili ugomvi ulikuwa na mahali pa kwenda, ulisikilizwa kwa ushahidi, na uamuzi ulitolewa pamoja na sababu zake.

Uchaguzi huo huo ulikuwa na mzozo mwingine. Mgombea Urais wa CHADEMA, Dk. Wilbrod Slaa, aliyakataa matokeo ya Urais, na mwezi Novemba 2010 Wabunge wa chama chake walitoka ukumbini Dodoma Rais Jakaya Kikwete alipoanza kulihutubia Bunge. Hawakuwa na mlango wa mahakama wa kubisha. Kilio cha Katiba mpya kilipata nguvu, na tarehe 31 Desemba 2010 Rais alitangaza katika salamu zake za mwaka mpya kwamba ataunda Tume ya kukusanya maoni ya wananchi juu ya Katiba. Mwenyekiti wa Tume hiyo alikuwa Jaji Joseph Warioba, na rasimu yake ilipendekeza kuwa matokeo ya Urais yaweze kupingwa katika Mahakama ya Juu. Bunge Maalumu lilipitisha Katiba Inayopendekezwa mwezi Oktoba 2014. Kura ya maoni iliyopangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015 iliahirishwa, na ibara ya 41(7) ikabaki kama ilivyokuwa.

Zanzibar ilipita njia nyingine, tena kwa gharama kubwa. Mwaka 1995, katika uchaguzi wa kwanza baada ya kurejeshwa kwa mfumo wa vyama vingi, Dk. Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2 dhidi ya asilimia 49.8 za Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF. Penye pengo dogo kiasi hicho, na pasipo na chombo cha kulihakiki, kila upande ulishika hesabu yake. Muafaka wa kwanza ulitiwa saini mwaka 1999 kwa usuluhishi wa Jumuiya ya Madola, lakini sehemu kubwa yake haikutekelezwa. Uchaguzi wa mwaka 2000 ulivurugika, ukarudiwa katika majimbo 16 tu. Tarehe 27 Januari 2001 watu waliuawa katika maandamano, wengi wao kisiwani Pemba, na wengine wapatao elfu mbili walivuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Kwa Watanzania waliozoea kuwapokea wakimbizi wa nchi nyingine, hilo lilikuwa jambo geni na zito.

Muafaka wa pili, wa tarehe 10 Oktoba 2001, uliingizwa katika Katiba ya Zanzibar mwaka uliofuata: vyama vya upinzani vikapata nafasi katika Tume ya Uchaguzi, na Daftari la Kudumu la Wapiga Kura likaanzishwa. Hata hivyo matokeo ya mwaka 2005 yalikataliwa tena. Fundo lilifunguka tarehe 5 Novemba 2009, Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif walipokutana Ikulu, bila ya msuluhishi kutoka nje. Katika kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, wananchi asilimia 66.4 walikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na Baraza la Wawakilishi likapitisha Mabadiliko ya Kumi ya Katiba.

Yafaa kueleza mabadiliko hayo yalifanya nini hasa, kwa sababu mara nyingi yanasifiwa au kulaumiwa kwa jambo yasiyolifanya. Cheo cha Waziri Kiongozi kilifutwa. Pakawekwa Makamu wa Kwanza wa Rais kutoka chama kilichoshika nafasi ya pili, na Makamu wa Pili kutoka chama cha Rais, ambaye ndiye kiongozi wa shughuli za Serikali katika Baraza. Mawaziri wakagawanywa kwa kadiri ya viti vya vyama. Kwa maneno mengine, Katiba ilipunguza hasara ya anayeshindwa. Haikugusa swali la nani ahakiki hesabu pindi mshindi anapobishaniwa.

Mwezi Oktoba 2010 Dk. Ali Mohamed Shein alishinda kwa asilimia 50.1, na Maalim Seif, mwenye asilimia 49.1, akala kiapo kuwa Makamu wa Kwanza. Pengo lilikuwa finyu karibu kama lile la mwaka 1995, na visiwa vilitulia. Miaka mitano baadaye swali lililoachwa lilirudi. Tarehe 28 Oktoba 2015 Mwenyekiti wa Tume, Ndugu Jecha Salim Jecha, alitangaza kuufuta uchaguzi wote. CUF ilisusia marudio ya tarehe 20 Machi 2016, na nafasi ya Makamu wa Kwanza ikakaa wazi hadi Desemba 2020, Maalim Seif aliporudi katika Serikali kupitia chama cha ACT-Wazalendo. Alifariki dunia tarehe 17 Februari 2021.

Ufipa yenyewe ina masimulizi ya kale yanayofanana na hayo. Inasimuliwa kwamba ukoo wa Watwa, uliotoka mbali, ulitwaa utawala kutoka kwa mtemi wa Milansi. Mtemi huyo hakufukuzwa. Kwa mapatano aliachiwa eneo lake dogo pamoja na heshima na kazi za mila. Mapatano hayo yalidumu. Lakini baadaye Watwa wenyewe waligombana juu ya urithi wa kiti, wasipatane nani mwenye haki, na nchi ikagawanyika kuwa falme mbili, Nkansi na Lyangalile. Aliyepoteza utawala alikuwa amewekewa utaratibu; waliogombea kurithi hawakuwa nao.

Kenya, baada ya vifo zaidi ya elfu moja kufuatia uchaguzi wa Desemba 2007, ilianza kwa kugawana madaraka, kisha ikaandika Katiba ya mwaka 2010 inayoipa Mahakama ya Juu siku 14 kuamua shauri la Urais. Mahakama hiyo ililitupa shauri la mwaka 2013, ikaufuta uchaguzi tarehe 1 Septemba 2017, na mwaka 2022 ikaukubali ushindi uliotangazwa. Utaratibu huo haukuondoa uhasama. Umeupa tu tarehe ya mwisho.

Kwa upande wa Tanzania, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua mwezi Julai 2020 kwamba ibara ya 41(7) inakiuka Mkataba wa Afrika, ikaitaka nchi iirekebishe. Ibara hiyo ilikuwa bado ipo katika uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025, uliofuatwa na ghasia na vifo katika miji kadhaa, na ambao Rais Samia Suluhu Hassan alitangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 97.

Kwa mujibu wa ibara ya 98, sheria ya kubadili masharti ya kawaida ya Katiba ya Muungano huhitaji kuungwa mkono na theluthi mbili ya Wabunge wote. Kwa mambo mahsusi yaliyoorodheshwa katika Katiba hiyo, theluthi mbili hupatikana mara mbili: miongoni mwa Wabunge wa kutoka Bara, na peke yake miongoni mwa wale wa kutoka Zanzibar.