Miezi Kumi na Moja ya Mshahara

Kwenye slipu ya mshahara ya dada mmoja, mtendaji wa kata, mkoani Morogoro, kuna mstari ulionikaa kichwani. Unakaa katikati ya makato mengine bila makeke, umeandikwa HESLB, yaani Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na namba iliyo mbele yake ni kubwa kuliko kodi na pensheni vikijumlishwa pamoja.

Ofisini kwake nilikuwa nimefuata habari nyingine, mgogoro wa mnada wa mifugo ambao wenyewe walishaumaliza kabla sijafika. Tukabaki na soga. Nilipomuuliza alisomea nini, akacheka, akavuta droo. "Siasa, kaka. Sayansi ya siasa na utawala, Mlimani. Na bado nailipia." Jina lake silitaji, maana mtumishi wa halmashauri haongei na gazeti bila ruhusa ya mkurugenzi. Alinikataza pia kuandika mshahara wake kamili, kwa hiyo tuchukue laki saba na nusu, namba ya jirani isiyomsaliti.

Pensheni asilimia 5, yaani 37,500. Bima ya afya asilimia 3, 22,500. Kodi ya mapato 58,500. Halafu Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi: 112,500. Mkononi zinabaki 519,000, kabla chama cha wafanyakazi hakijachukua chake na kabla ya kikoba cha Jumamosi.

Lakini slipu kila mtumishi anayo. Kilichonikalisha pale hadi mchana ni kaunta buku lililotoka kwenye droo hiyohiyo, jalada limefungwa kwa gazeti la zamani kama tulivyofunga madaftari shuleni. Ukurasa wa kushoto ameandika "Nilichopewa", wa kulia "Ninachorudisha". Aliingia chuo 2015, akitokea tahasusi ya HGL, na kila bumu alilosaini limo humo: shilingi 8,500 kwa siku, siku 60 kwa mkupuo, 510,000. Mikupuo minne kwa mwaka, miaka mitatu, 6,120,000. Hela ya vitabu 200,000 kwa mwaka. Ada ilikuwa milioni moja na Bodi ikambebea nusu. Nusu nyingine baba yake aliuza mpunga. Jumla milioni 8 na laki 2 na elfu 20. Ukiongeza asilimia 1 ya uendeshaji, inasimama 8,302,200.

Pembeni ya namba hiyo kuna nyingine, ndogo, kwa kalamu nyekundu: 1,365.

"Hiyo ndiyo iliyokuwa inaninyima usingizi," alisema. "Asilimia 6 ya kulinda thamani. Nikaigawa kwa siku 365. Nilale, niamke, niwe na kazi, nisiwe nayo, elfu moja mia tatu sitini na tano imeongezeka. Nikawa nikipita mama lishe najiambia, leo deni limeshakula, mimi bado."

Alimaliza 2018. Sheria humpa mhitimu miezi 24 kabla ya kuanza kulipa, nayo ikapita akiwa mtaani. Uchaguzi wa 2020 alikuwa karani mwongozaji wa wapiga kura. Sensa ya Agosti 2022 akawa karani wa sensa, akizunguka na kishikwambi nyumba kwa nyumba. "Shahada yangu ilikuwa inafanya kazi mara moja kila baada ya miaka," alisema. Baba yake alikuwa amemsihi asome ualimu, kwa kuwa mwalimu hakosi ajira. Rafiki yake wa bweni alisoma huo ualimu. Siku tulipozungumza alikuwa bado anauza vifaa vya simu. Kwa hiyo anayedhani kosa la dada huyu ni kuchagua siasa, akutane kwanza na rafiki yake. Na asisahau Juni 2014, Uwanja wa Taifa, watu zaidi ya 10,000 wakifanyiwa usaili wa nafasi 70 za Uhamiaji.

Tozo ya asilimia 6 ilifutwa na Rais Samia, akiitangaza siku ya Mei Mosi 2021 pale Mwanza. Mtendaji huyu hakuwa ameajiriwa bado. Anakumbuka alisikia redioni, akachukua kalamu akakata ile 1,365 kwa mstari mmoja, ambao bado unaonekana. Kaka yake, aliyeajiriwa miaka kadhaa kabla yake, alionja ukali wote: alikuwa anakatwa asilimia 8, na mwanzoni mwa 2017 ikapanda hadi 15, bila mshahara kupanda. Aliyekuwa na mkopo wa benki juu ya hapo alijikuta theluthi ya mshahara anayotakiwa kubaki nayo haipo.

Ukurasa nilioupiga picha, kwa idhini yake, uko nyuma ya daftari. Juu yake umeandikwa "1966".

Wasomaji wengi wanaijua habari hiyo kwa juu juu. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga Jeshi la Kujenga Taifa la lazima. Mpango ulikuwa kwamba msomi akitoka kambini ataendelea na utumishi katika kazi yake kwa miezi 18, akilipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu Nyerere akawasikiliza, akakasirika, akawarudisha makwao karibu 400. Na papo hapo akakata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20.

Mtendaji amepiga hesabu. Asilimia 60 iliyokatwa, mara miezi 18, ni sawa na mishahara 10 na nukta 8. Deni lake yeye, kwa asilimia 15, linamalizika baada ya miezi 74, na ukiligawa kwa mshahara unapata miezi 11 na kidogo. Nilirudia hesabu hiyo kwenye simu yangu mbele yake. Ni ileile. Taifa lilitaka kwa msomi wa 1966 karibu kile kile linachotaka kwa dada huyu, ila kwa kasi nyingine.

Nilimpinga kidogo. Wale wa 1966 walikuwa wachache mno, kazi zikiwasubiri. Na huu wa leo ni mkopo, aliusaini mwenyewe, na marejesho ndiyo yanayosomesha wanaofuata. "Najua," alinijibu. "Hela yangu sasa hivi anaila mtoto wa mtu pale Mlimani, na aile, mimi pia nililishwa. Silalamikii kulipa. Ninachouliza ni kimoja. Mwaka ule aliyekata alijikata na yeye. Mimi nakatwa pamoja na nani?"

Sikuwa na jibu, na sidhani alilitarajia.

Asubuhi hiyo nilimwona akiwakalisha wenyeviti wawili wa mitaa waliokuwa hawasalimiani kwa sababu ya bomba la maji. Hakuanza na bomba. Alianza na nani ataitisha mkutano, na nani ataandika muhtasari, wakasaini hayo kwanza. Maji yakajadiliwa robo saa tu. Walipotoka akaniambia kwa sauti ya chini, "Hapo nimetumia ada yangu." Thamani ya namna hiyo haina safu kwenye slipu, na mimi niko upande wake: kata ile ina bahati. Lakini bahati ya kata haipunguzi 112,500.

Kuna jambo moja lililomchekesha zaidi kuliko kumuudhi. Katiba, ibara ya 67, inamtaka mbunge awe na miaka 21 na ajue kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza. Mtendaji wa kata anaulizwa vyeti vyake vyote. "Ngazi ya chini ya siasa inataka cheti," alisema, "ya juu inataka kura."

Mdogo wake wa kiume yuko kidato cha sita, HGL vilevile, na anataka kujaza sayansi ya siasa. Dada mtu alimpa lile daftari alisome usiku mzima. Kulipokucha kijana alilirudisha mezani, akasema ameelewa kila kitu.

"Kwa hiyo?" dada akamuuliza.

"Kwa hiyo naomba asilimia mia ya ada, dada. Wewe walikupa nusu."