Je, Wajua? Pikipiki Iliyolala Haiamshwi kwa Kiki

Huku Timbwani, Likoni, upepo wa bahari una chumvi, na chumvi haina urafiki na chuma. Pikipiki ikiegeshwa miaka, ringi za pistoni hushika kutu zikagandamana na silinda. Ukiipiga kiki kwa pupa, ringi huvunjika. Fungua plagi kwanza, tia oili kidogo tunduni, iache ilale usiku kucha, kisha izungushe injini polepole. Petroli ya zamani imwage. Imeshakuwa utomvu ndani ya kabureta. Silinda ikiwa imechubuka, fundi huitanua, tuseme milimita 0.25 au 0.50, akatia pistoni kubwa zaidi. Ukiamua kubadilisha injini nzima, nambari yake imo kwenye logibuku: mabadiliko hayo yapeleke kwa mamlaka ya usafiri na usalama, NTSA.