Injinia wa ukoo, lakini hesabu zimekulemea? Keti tuongee

Siku ujumbe wa KUCCPS ulipoingia kwenye simu, jina lako lilibadilika. Hata kabla hujalipa karo ya muhula wa kwanza, mtaa mzima wa Bulla Iftin ulishajua kuna injinia. Ukirudi likizo, abti anakuita injinia mbele ya wazee. Jirani analeta jenereta iliyokufa tangu Ramadhani, anaibwaga mlangoni, anauliza, "Hii si ndiyo kazi yako?" Wewe uko mwaka wa pili, unasomea ujenzi, na jenereta hata hujui inafunguliwa wapi. Kwenye begi una karatasi ya matokeo ambayo hujamwonyesha mtu. Hesabu umeanguka, mekanika umeanguka, na sapu zinakungoja mwezi ujao.

Kama huyo ni wewe, makala haya ni yako. Mimi si mshauri nasaha na si injinia. Nilisomea umeme miaka miwili na nusu katika chuo ambacho sitakitaja, karo ikakatika, nikaondoka, na siku hizi kazi yangu ni kuandika. Lakini wasee niliokaa nao hosteli wengine bado wako ndani, wengine wamemaliza, na maongezi yetu ya saa sita usiku hayajaisha.

Tuanze na lile swali unalojiuliza ukiwa peke yako: je, mimi ni mjinga?

Hebu rudi nyuma kidogo. Novemba 2014, magaidi waliteka basi Mandera wakaua watu 28, wengi wao walimu waliokuwa wakienda nyumbani kwa likizo. Januari iliyofuata walimu wengi wasio wenyeji walikataa kurudi kaunti zetu, na ukiwa na haki utakiri kwamba huwezi kuwalaumu. Januari 2020 walimu watatu wakauawa Kamuthe, hapa hapa Garissa, na TSC ikawahamisha walimu wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Sasa piga hesabu. Kama ulifanya KCSE mwaka wa 2023, ulikuwa kidato cha kwanza mwaka huo huo wa 2020. Nani alikufundisha Fizikia? Shule nyingi zilibaki na kijana aliyemaliza kidato cha nne juzi, amepewa chaki. Kuna watu wamefika darasa la uhandisi wa umeme wakiwa wamejifunza saketi kwa mchoro wa ubaoni tu, rizista hawajawahi kuishika mkononi.

Halafu mwaka wa kwanza unawekwa meza moja na msee aliyetoka shule kubwa ya kitaifa yenye maabara tatu. Mhadhiri anasema "haya mlishayafanya sekondari" na kupita kama basi la Mandera. Wewe unabaki umeduwaa. Huo si ujinga, manze. Hicho ni kipande cha barabara ambacho kwenu hakikuwekwa lami, na dawa yake ni kurudi ukakiweke mwenyewe, hata kama unaona aibu.

Ninavyomaanisha ni hivi. Tafuta vitabu vya kidato cha tatu na cha nne, Hesabu na Fizikia, na uvisome kama mtu mzima. Aljebra, trigonometria, vekta, saketi. Rafiki yangu mmoja wa Wajir alikuwa ameanguka kalkulasi mara mbili. Alipokaa chini na mtu wa mwaka wa nne, wakagundua shida yake haikuwa kalkulasi kabisa. Alikuwa hajui kupanga sehemu za aljebra, kile kitu cha kidato cha pili. Kila swali alilianza vizuri, kisha akapotea mstari wa tatu. Wiki sita za vitabu vya sekondari, alfajiri kabla ya darasa, zikamtoa. Watu walimcheka. Sapu alipita.

Na ukikwama kwenye swali, jipe nusu saa. Ikipita bila hatua yoyote, andika kwenye karatasi mahali hasa ulipokwamia, kisha inuka, tembea, kanywe chai. Ule mtindo wa kukodolea macho swali moja saa nne huku unajitukana haujawahi kumpa mtu jibu. Kesho yake peleka ile karatasi kwa mtu. "Sielewi themodinamiki" haina wa kukusaidia. "Sielewi kwa nini hapa alama imegeuka kuwa hasi" inajibiwa kwa dakika mbili.

Kuna jambo la miraa ambalo lazima tuliseme, kwa sababu wengi wetu tumekua tukiliona. Wiki ya mtihani unaona kikundi kimekaa na majani na soda, wanasema wanakesha na vitabu. Macho yatakaa wazi, ndiyo. Lakini ukikosa usingizi siku tatu, kichwa hakishiki kitu, na ile hofu unayoisikia kifuani asubuhi ya mtihani nusu yake ni majani. Afadhali ulale saa tano, uamke na adhana ya alfajiri, usome wakati hosteli imenyamaza. Wanaofunga Ramadhani wakiwa na mitihani wanajua siri hii: zile saa mbili baada ya daku huwa na baraka kuliko usiku mzima wa kusinzia juu ya daftari.

Lakini nikikwambia msongo wako wote unatokana na masomo nitakuwa ninakudanganya. Mara nyingi kitabu ndicho kinachopigwa mateke kwa sababu ya vitu vingine.

Chukua pesa. Kuanzia mwishoni mwa 2020 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo kaskazini mwa Kenya. Wengi wetu karo yetu ina miguu minne. Mzee anauza ng'ombe wawili, unasajiliwa. Mifugo ilipokufa, kuna watu walikuwa Juja au Eldoret wakipigiwa simu kuambiwa "imebaki mitatu." Halafu unaambiwa uketi ujibu swali la mekanika ya viowevu. Mwisho wa 2023 mvua ikaja, ikaja kupita kiasi, na mafuriko yakabeba kilichobaki.

Chukua kitambulisho. Wenzako wa kaunti nyingine walichukua chao kama mtu anayenunua mkate. Wewe uliketi mbele ya kamati ya wazee na maafisa kuthibitisha kwamba babu yako ni Mkenya. Rais Ruto alitia saini kuondoa msasa huo wa ziada Februari 2025 akiwa Wajir, lakini kuna waliokuwa wameshapoteza miezi, na bila kitambulisho HELB inakuwa kitendawili. Ukishakipata unakuta mkopo una riba ya asilimia 4, na wewe umelelewa ukiambiwa riba ni haramu. Sitakuambia uamue vipi. Ninachojua ni kwamba kuna wanafunzi wanaolibeba jambo hili peke yao muhula mzima, wakati sheikh wa msikiti wa chuo angewajibu kwa nusu saa. Muulize. Kisha ulale.

Na kuna tarehe 2 Aprili 2015. Watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, 142 kati yao wanafunzi. Walionusurika walihamishiwa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, na chuo chetu kikafunguliwa tena Januari 2016. Kama wewe ni wa Garissa ulikuwa mtoto wakati huo, lakini ulisikia milio, au uliona magari, au ulimwona mama akikaa chini hasemi. Mambo hayo hayaishi kwa kuwa gazeti limeacha kuandika. Ukiwa darasani Nairobi mlango ukagongwa kwa nguvu na mwili ukaruka, hakuna haja ya kujionea aibu. Halafu ongeza ile ya ndani ya basi: kila kizuizi kutoka Garissa hadi Thika unashushwa, unatoa kitambulisho, jirani yako wa kiti anakutazama tofauti mkirudi ndani. Unafika chuoni ukiwa umechoka kabla ya mhadhara wa kwanza.

Vyuo vingi vina ofisi ya ushauri nasaha na wengi wetu hatuijui iko wapi. Tunaogopa kuitwa wendawazimu. Kwetu mtu akisema amelemewa moyoni anaambiwa asome Qur'ani, na kusoma ni kuzuri, lakini mtu aliyevunjika mguu husoma Qur'ani na hospitali pia huenda. Ukiona wiki mbili zimepita hulali, huli, huendi darasani, hupokei simu ya hooyo, basi hiyo si ile stresi ya kawaida ya mtihani. Na ikiwa umeanza kuwaza kwamba afadhali usingekuwapo, usingoje muhula uishe. Piga 1199, laini ya Msalaba Mwekundu, haitozwi pesa. Mwambie mtu mmoja unayelala naye chumba kimoja. Mwambie leo.

Kuna kero ndogo ndogo ambazo zinaua watu polepole, na maksi zilizopotea ndizo mama yao. Ulifanya CAT, ulifanya mtihani, matokeo yanatoka kuna pengo. Ofisi ya idara inakutuma kwa mhadhiri, mhadhiri anakurudisha idara. Hapa sina falsafa. Piga picha kila karatasi ya CAT ukirudishiwa. Saini orodha ya mtihani mwenyewe, uone jina lako kwa macho yako. Pengo likitokea, andika barua pepe wiki hiyo hiyo, usingoje mwaka wa tano, kwa sababu mhadhiri wa muda akishaondoka utamsaka hadi Lodwar.

Sasa, mbona ujisumbue hivi? Mimi huwaambia wasee wapande boda waende wautazame ule mtambo wa umeme wa jua nje ya mji wa Garissa. Ulizinduliwa Desemba 2019, megawati 50 na ushee, paneli zimetandazwa kama bahari nyeusi kwenye mchanga. Ulijengwa na kampuni ya Kichina kwa mkopo wa China. Simama pale kwenye ua, kwenye joto la nyuzi 36, ujiulize ni nani atakayeutunza miaka 20 ijayo.

Au kumbuka Kona Punda. Novemba 2023 maji yalikata barabara kati ya Madogo na Garissa, mji mzima ukawa kisiwa, bei ya vyakula ikapanda, watu wakavushwa kwa boti. Aprili 2024 ikawa vile vile, na boti moja ikapinduka, watu wakafa. Ile yuniti ya haidrolojia unayoichukia, ile ya kukadiria mafuriko makubwa ya miaka 50 na upana wa kalvati, ni Kona Punda hiyo. Hakuna mtu darasani anayeijua kama wewe uliyevuka pale na godoro kichwani. Mhadhiri akitaka mada ya mradi wa mwaka wa tano, wewe unayo tayari.

Najua mwingine anasoma haya na ameshaamua moyoni kwamba hataki tena. Sawa. Digrii ya uhandisi ni miaka mitano, kisha unasajiliwa na Bodi ya Wahandisi ukiwa mhandisi mhitimu, kisha angalau miaka mitatu ya kazi kabla ya kuitwa mhandisi kamili. Si kila mtu anayetaka safari hiyo, na wengine waliingizwa na alama zao au na baba zao. Mji wa Garissa una North Eastern National Polytechnic, na wanaopita njia ya diploma na vyeti wana bodi yao ya usajili, KETRB, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Fundi mchundo anayejua kufunga pampu ya sola kwenye kisima cha Modogashe hakosi kazi, nakuapia. Wengine wanahamia kozi nyingine chuo kile kile. Mimi niliondoka kabisa na bado ninakula.

Ila usiamue wiki ya mtihani, wala usiku. Na usitoroke. Kuna watu wanafunga begi tu, wanapanda basi la saa kumi na moja jioni Eastleigh, wanafika nyumbani kimya, na mwaka unaofuata wakitaka kurudi wanakuta mfumo umewafuta. Vyuo vinaruhusu kuahirisha masomo, kwa sababu ya karo au ya ugonjwa, na ugonjwa wa akili ni ugonjwa. Unaandika barua kwa msajili wa masomo kupitia kwa mkuu wa idara, unaeleza sababu na unataja muhula utakaorudi. Peleka nakala mbili. Moja igongwe muhuri mbele yako, urudi nayo nyumbani, uiweke pamoja na cheti cha KCSE. HELB nao uwaandikie, wajue umesimama kwa muda na tarehe ya kurudi. Abti akiuliza, mwonyeshe ule muhuri.