Muvi Hii Katafsiri Nani?

Mtu wa Tarime akikuambia kwamba jana kaangalia muvi kali, usimuulize kaigiza nani. Muulize katafsiri nani. Huenda jina la mwigizaji halijui kabisa, na jina la filamu kalishika nusu, lakini mtafsiri anamjua kwa sauti, kwa kicheko, kwa majina anayowabandika maadui. Atakuapia kabisa kwamba filamu ile ile ikitafsiriwa na mwingine haina ladha.

Nimekulia Sirari, mpakani na Kenya, na sasa nafundisha shule ya msingi Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti. Kote huko sijawahi kukaa jirani na jumba la sinema. Tulichokuwa nacho ni kibanda cha video: mabati, mabenchi ya mbao, turubai jeusi dirishani kuzuia mwanga, televisheni moja, spika mbili, na ubao mlangoni ulioandikwa kwa chaki muvi za mchana na mechi ya usiku. Humo ndimo tulimojulia Rambo, Jackie Chan, Van Damme na Schwarzenegger. Humo ndimo tulimojifunza pia kwamba stelingi hafi. Anaweza kupigwa risasi, akatupwa mtoni, akazikwa. Kibanda kizima kinatulia kikijua atarudi.

Sirari tulikuwa na bahati ya kuchagua. Upande wa pili wa barabara ni Isebania, Kenya, na kutoka huko ilikuja sauti ya DJ Afro, mwenye maneno ya mtaani Nairobi na utani usioisha. Kutoka Dar es Salaam zilikuja kanda za Derek Mukandala, ambaye nchi nzima ilimjua kama Lufufu, mmoja wa waliotangulia katika kazi hii hapa Tanzania. Wote wana ndugu zao Uganda, ambako watafsiri wa vibandani wana heshima kubwa na huitwa VJ. VJ Jingo anajulikana hadi nje ya mipaka ya nchi yake. Mwanzoni kazi ilifanyika papo kwa papo: mtafsiri anakaa pembeni na maiki, anapunguza sauti ya filamu, anasema yeye mwenyewe kwa niaba ya wote, mume, mke, jambazi na polisi. Baadaye sauti ikarekodiwa kwenye kanda, kisha kwenye CD, na leo ni faili tu kwenye flashi.

Wasiozoea huona ni kelele juu ya picha. Mimi naona ni ufundi, na nina ushahidi wa nyumbani. Bibi yangu hakusoma shule, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kuuzia ndizi na kuulizia nauli. Miaka ile tamthilia ya Korea ya Jumong ilipovuma, ile yenye sehemu 81 inayomhusu mwanzilishi wa dola la kale la Goguryeo, binamu yangu alileta nyumbani sehemu zilizotafsiriwa. Mtafsiri anasema kwa Kiswahili. Binamu, aliyeketi chini karibu na kigoda cha bibi, anageuza kwa Kikurya. Mwana wa mfalme anadharauliwa na ndugu zake, bibi anaguna. Mama yake anamficha jambo kuhusu baba yake halisi; bibi anamwambia binamu asimamishe picha, maana hilo si jambo la kulipita haraka. Alitaka kujua ukoo wa upande wa mama, alitaka kujua ng'ombe wa mahari walikwenda kwa nani. Mtafsiri hakuwa amesema lolote kuhusu mahari. Binamu akajibu kwa kadiri alivyoona inafaa, na hadithi ikaendelea. Mwandishi wa Seoul hakumwandikia bibi yangu wa Sirari, lakini watu wawili walisimama katikati, na kila mmoja aliongeza hatua moja mpaka hadithi ikafika.

Siku hizi kibanda kimebaki zaidi na mpira. Muvi zimehamia laibrari, yaani kile kichumba chenye kompyuta na mabango ukutani, ambako unapeleka flashi au simu na kuingiziwa unachotaka kwa mia tano au chini ya hapo. Pale Mugumu kijana wa laibrari hunisalimia shikamoo kwanza, halafu anauliza: "Madam, ipo ya Kiingereza na ipo ya kutafsiriwa, nikuwekee ipi?" Anauliza kwa adabu kwa kuwa anadhani mwalimu atataka ya Kiingereza. Nachukua iliyotafsiriwa. Sizoni za Kituruki na za Kikorea ndizo zinazotoka sana, na akina mama wanaofunga genge saa mbili usiku hupita kuuliza kama sehemu mpya imeshafika. Walioonja tamthilia ya Sultan kwa Kiswahili kwenye Azam TV wamekuwa wakali: wanataka kila mhusika awe na sauti yake, ya kike kwa mwanamke na ya kiume kwa mwanamume. Mzee wa sauti moja kwa watu wote anapungukiwa na wateja, na mimi nasikitika, maana huyo hakusema maneno ya filamu tu. Alikuwa anatueleza kinachoendelea, anatuonya, anashangilia pamoja nasi.

Kazi hiyo haijafa, imehamia kwenye gemu. Nenda kwenye banda lolote la pleystesheni Tarime mjini siku ya Jumamosi. Utakuta PlayStation 2, mashine iliyotoka mwaka 2000, bado inazunguka pale pale na mpira wa Konami ndani yake, pedi zimefungwa kwa selotepu, na foleni ya watoto wenye sarafu mkononi. Watangazaji wa ndani ya gemu wanaongea Kiingereza, kwa hiyo sauti yao hupunguzwa kabisa. Nafasi yao inachukuliwa na mtoto mmoja ambaye hana hela ya kucheza siku hiyo. Anasimama nyuma ya wachezaji na kutangaza: mpira kwake, anamtoka mmoja, anamtoka wa pili, anaachia shuti! Wachezaji wa Barcelona anawapa majina ya watu wa mtaani kwake. Akitangaza vizuri, aliyeshinda humwachia mchezo mmoja. Nimewaona wanangu wa darasa la sita, ambao darasani kusimama na kusema sentensi tatu ni taabu, wakitangaza dakika kumi bila kukwama. Ndiyo maana sikubaliani na wenzangu wanaosema banda la gemu ni mahali pa kupoteza watoto tu. Utoro ni tatizo na lishughulikiwe kama utoro. Lakini mtoto aliyejifunza kusimulia kwa ufasaha amejifunza jambo kubwa, hata kama alijifunzia huko.

Kwenye vitabu, sisi wa Mkoa wa Mara tuna deni. Mtafsiri mashuhuri kuliko wote alitoka Butiama, katika mkoa huu huu. Mwalimu Julius Nyerere, akiwa tayari na nchi ya kuongoza, alitafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu Kaisari, ikatoka mwaka 1963, kisha akairekebisha na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huo huo ikatoka Mabepari wa Venisi. Tunamtaja kwa siasa na uhuru, hatumtaji sana kwa kazi hii. Nami nasema bila kusita kwamba Nyerere na Lufufu walikuwa kwenye kazi moja. Mmoja alitafuta mizani ya ushairi, mwingine alikimbizana na picha inayopita, lakini kila mmoja aliona hadithi ya mbali akaamua kwamba watu wake nao waipate.

Vyenye asili yetu navyo vipo. Ukimpa kijana wa laibrari kitabu cha Elvis Musiba, akakutana na mpelelezi Willy Gamba katika Kufa na Kupona, au Joram Kiango wa Ben Mtobwa, hatalala. Nilimpa mmoja, alikirudisha kimekunjika pembe na wino wa watu wengine watatu. Ugumu ni kuvipata. Duka la vifaa vya shule huuza vitabu vya mtihani, na riwaya ukiiona imetoka Mwanza au Dar kwa basi, mkononi mwa mtu.

Upande wa pili wa jambo siufichi. Muvi nyingi zinazoingizwa kwenye flashi hazikulipiwa chochote kwa waliozitengeneza, na sheria ya hakimiliki ya 1999 ipo. Watengenezaji wa filamu za Bongo wamelia muda mrefu kwamba za nje zilizotafsiriwa huuzwa kwa bei ambayo wao hawawezi kuifikia. Wana haki. Baada ya Steven Kanumba kufariki Aprili 2012, vibandani kwetu kanda zake zilirudiwa mpaka zikachoka, na zilizofuata hazikujaza mabenchi kama zile. Ningependa kuona watafsiri wanasajiliwa, wanalipwa, na wanalipa. Kuwafuta ni kuwanyima watu wengi hadithi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba tunatafsiriwa filamu za kila nchi isipokuwa zilizopigwa hapa kwetu. Mwaka 1959 ilitoka filamu ya Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, yenye jina lenye maana kwamba Serengeti haitakufa. Walihesabu wanyama wakiwa angani, katika ndege waliyoipaka mistari ya pundamilia, na mwaka 1960 filamu hiyo ikapata tuzo ya Oscar huko Marekani. Mwaka 2018 ikatoka nyingine ya Giselle Portenier, iliyopigwa wilayani kwetu, kuhusu wasichana wanaokimbia kukeketwa na Rhobi Samwelly anayewapokea katika nyumba salama Mugumu. Ya kwanza ilizunguka dunia. Ya pili inawahusu watoto tunaowafundisha. Sijawahi kuona hata moja ikiandikwa kwa chaki kwenye ubao wa kibanda.

Nilipomweleza mwenye kibanda, alinijibu: "Madam, nani atalipa kuangalia nyumbu? Si wanapita huko Robanda bure?" Nikamwambia ile ya Rhobi haina nyumbu, ina watu, na kina mama watajaa. Akasema hiyo ataifikiria, lakini itafutwe kwa njia halali, asije akafungiwa.

Kijana anayemtafsiria alikuwa amekaa pembeni akisikiliza. Yeye alivutiwa na ile ya ndege ya pundamilia. Akaniuliza swali la mtu anayeijua kazi yake: stelingi ni nani? Nikamweleza kwamba ni wawili, baba na mwana, na kwamba Januari 1959, kazi ikiwa haijamalizika, ndege ya Michael iligongana na tumbusi, ikaanguka, akafa, akazikwa Ngorongoro.

"Stelingi kafa?" akauliza.

"Kafa kweli, siyo kwenye picha tu."

Akakaa akipiga hesabu. "Basi tangu mwanzo nawaambia watu wamfuate baba," akasema. "Mtoto nampa jina zuri, lakini siwaahidi kitu."